ISO imegoma kucheza: tafuta dalili yako hapa

Juu ya kabati la nyumba nyingi za mjini hapa Uganda kuna mfuko wa diski uliosahaulika: kwanjula (sherehe ya utambulisho, "introduction") ya dada, arusi ya mjomba, mahafali ya Makerere, mazishi ya babu. Zilirekodiwa enzi za DVD na leo deki ya kuzichezea haipo. Walio macho wanazinakili kuwa mafaili ya ISO, wanayakusanya kwenye hadidiski moja, halafu wanataka kuyatazama kwenye tivii ya sebuleni kupitia programu za kuchezea video: Kodi, Plex, Jellyfin au VLC. Hapo ndipo simu zinaanza kuniijia, na malalamiko ni yaleyale.

Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi imetangulia.

Kabla ya yote, elewa kitu kimoja: ISO si video. Ni nakala ya diski nzima, pamoja na menyu zake. ISO ni gunia, mahindi yamo ndani. Ukifungua ISO ya DVD utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Humo mna mafaili ya VOB yenye picha na sauti, kila kipande kisichozidi GB 1. Mafaili ya IFO yanayosema kipi kifuate kipi. Na BUP, ambayo ni nakala ya akiba ya IFO. Blu-ray, diski iliyofuata DVD, ina folda ya BDMV, na video zake ni M2TS. Programu isiyojua kufungua gunia itakuambia hakuna mahindi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kwa dalili yoyote ni hili: nakili ISO kwenye diski ya ndani ya laptopu, uifungue kwa VLC, usogeze mbele hadi katikati, kisha karibu na mwisho. Ikicheza kote, faili ni zima, na shida iko kwenye programu yako, hifadhi yako au njia ya kufika kwenye tivii. Ikikwama hata hapo, usihangaike na mipangilio ya Kodi usiku kucha. Mgonjwa ni faili.

## "Nimeiweka kwenye folda lakini maktaba haiioni"

Sababu inayoongoza: programu yenyewe haipokei ISO. Plex haipokei ISO wala folda ya VIDEO_TS, na hakuna kitufe cha kubadilisha hilo. Jellyfin inaelewana zaidi na folda za VIDEO_TS na BDMV kuliko ISO, kwa hiyo usiijengee maktaba ya ISO. Kodi na VLC ndizo zinazofungua ISO za DVD bila ubishi, menyu na yote.

Kama unang'ang'ania Plex au Jellyfin, geuza ISO kuwa MKV, faili la video la kawaida, kwa programu ya MakeMKV. Fungua ISO ndani yake, subiri isome vichwa (yaani video zilizomo), chagua kilicho kirefu zaidi (arusi ya saa mbili haiwezi kuwa kile cha dakika moja), weka alama kwenye sauti na manukuu unayotaka, hifadhi. Ubora haupungui, kwa sababu picha inahamishwa tu kutoka gunia moja kwenda jingine. Utakachopoteza ni menyu, na kwa diski za arusi menyu yenyewe ni mawaridi yanayozunguka huku wimbo uleule ukijirudia. Sijaona aliyeililia.

Sababu ya pili ni jina. Faili liitwalo DVD1.iso au VIDEO_TS.iso haliambii programu chochote. Liite jina la filamu na mwaka kwenye mabano, kila filamu na folda yake. Kama ISO moja ina sehemu kadhaa za tamthilia, Kodi inahitaji sehemu zote ziandikwe kwenye jina, mfano S01E01E02E03.

Ya tatu inawahusu wenye video za familia. Kodi inachukua taarifa na picha za filamu kutoka hazina za mtandaoni, na kwanjula ya shemeji yako haimo humo. Ama itaachwa nje ya maktaba, ama itafananishwa na filamu nyingine kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka faili nililoliita Introduction, na likatokea sebuleni na picha ya wazungu wawili wenye bastola. Mama mkwe alikuwepo. Dawa yake: tenga folda ya video za nyumbani, iongeze Kodi kama chanzo, na inapouliza folda ina nini, chagua kwamba haina aina yoyote. Utazikuta kwenye orodha ya mafaili badala ya maktaba ya filamu, kwa majina uliyoyapa.

Ya nne: kirusi cha flashi. Ukiona folda zako zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato, au flashi inasema imejaa ilhali haionyeshi kitu, mafaili yamefichwa, hayajafutwa. Usibofye vile vishale, na usikubali mtu aifomati. Ichanganue kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Ile flashi iliyotoka dukani kwa mtu wa fotokopi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

## "Flashi ina nafasi kibao, lakini faili linakataa kuingia"

Hapa hakuna fumbo. Flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe na GB 128 tupu. DVD ya tabaka moja inafika GB 4.7 na ya matabaka mawili GB 8.5, kwa hiyo ISO nyingi zitagonga ukuta huo.

Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake. Ukikuta FAT32, una njia mbili. Ya kwanza ni kuifomati upya kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza. Ya pili ni amri ya Windows `convert E: /fs:ntfs`, inayobadilisha mpangilio kuwa NTFS bila kufuta mafaili, hata hivyo weka akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo hutakuwa na wa kumlilia. Tazama pia tivii yako inasoma nini: baadhi ya za zamani hazisomi exFAT, na nyingine zinasoma FAT32 pekee.

Na ukichomeka flashi yenye ISO moja kwa moja kwenye tivii, usishangae ikikuonyesha folda tupu. Kicheza video cha ndani ya tivii kwa kawaida hakina habari na ISO. Geuza iwe MKV au MP4.

## "Inacheza vizuri, ikifika katikati inaganda"

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo ambayo watu wanakimbilia kulaumu programu.

Anza na nakala isiyokamilika. Mtu alichomoa flashi kabla ya muda, au yaka (umeme wa kulipia kabla) iliisha zikiwa zimebaki dakika tatu. Faili lina jina na linafunguka, ila mwisho wake haupo. Linganisha ukubwa wake na wa faili la asili, kwa baiti kamili, si kwa "GB 4 na kitu". Ukikuta baiti 4,294,967,295 kamili, hiyo ni FAT32 imelikata mkia: ndicho kikomo chake hasa. Kama ukubwa unalingana na bado una shaka, fungua dirisha la amri kwenye folda ya faili, andika `certutil -hashfile arusi.iso SHA256`, ufanye vivyo hivyo kwa faili la asili. Mistari miwili mirefu ya herufi ikitofautiana hata kwa herufi moja, nakili upya.

Pili, diski ya asili imechakaa. ISO haiwezi kuwa nzima kuliko diski iliyotolewa. Pangusa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kama unaosha sahani. Jaribu kisoma diski kingine, maana viwili vya aina tofauti vinaweza kusoma diski moja kwa matokeo tofauti kabisa. Kama bado kuna sehemu zinazokataa, ingia Linux utumie ddrescue, programu ya kuokoa data. Raundi ya kwanza inachota yanayosomeka kwa urahisi:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 arusi.iso arusi.map`

Ya pili inarudia sehemu ngumu mara tatu:

`ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 arusi.iso arusi.map`

Usifute lile faili la map. Ndilo linalokumbuka imefika wapi, na ndilo linalokuruhusu kuhamisha diski kwenye kisoma kingine na kuendelea bila kuanza upya. Diski mbovu inaweza kuchukua usiku mzima. Iache. Ila kama diski ina ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati, usiiweke kwenye kisoma hata mara moja: inazunguka kwa kasi inayoweza kuivunja vipande humo ndani.

Tatu, flashi bandia, na hapa niruhusu nikae kidogo. Zinauzwa barabarani Kampala zikiwa zimeandikwa TB 1 au 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Kumbukumbu halisi iliyo ndani inaweza kuwa GB 16 au 32. Kidhibiti chake kimefundishwa kuidanganya kompyuta: kinapokea mafaili yote, kinaonyesha majina na ukubwa sahihi, lakini kikishavuka uwezo wake halisi kinatupa data au kinaandika juu ya ile ya zamani. ISO tatu za kwanza zinacheza, ya nne inaganda, ya tano haifunguki. Mwenye nayo anasema Kodi mbaya.

Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zote zinaijaza flashi data kisha zinaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Ifanye ikiwa tupu ndipo kipimo kiwe kamili. Ikionekana ni bandia, yaliyopotea yamepotea: hakuna fundi wa kuokoa kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa popote. Anayekuahidi kukirudisha kwa laki moja anataka laki moja.

## "Kwenye laptopu safi, kwenye tivii inakwamakwama"

Faili ni zima, basi tazama njia. DVD haizidi megabiti 10 hivi kwa sekunde. Blu-ray inaweza kupanda hadi karibu 50. Wi-Fi ya 2.4 GHz inayopenya kuta mbili za matofali, huku majirani wote wa ghorofa wakitumia masafa hayohayo, inaimudu DVD siku njema. Blu-ray inaishinda.

Jaribu kwa waya wa mtandao kwanza, hata kama utapita katikati ya sebule kwa nusu saa. Kukwama kukiisha, umepata jibu: weka waya wa kudumu, au hamia 5 GHz na usogeze rauta.

Kama waya haujasaidia, tazama umeme unaolisha hadidiski. Kiboksi cha Android au Raspberry Pi mara nyingi hakina nguvu ya kuendesha hadidiski ya nje kupitia USB peke yake. Hadidiski inazima na kuwaka, filamu inakatika, kisha chanzo kizima kinatoweka kwenye Kodi. Kwenye Pi utaona alama ya radi pembeni mwa skrini. Tumia chaja inayoifaa, na hadidiski uichomeke kwenye habu ya USB yenye umeme wake.

Mwisho kabisa ndiyo seva, kompyuta inayoituma filamu kwenye tivii, kulemewa. Kama Jellyfin inalazimika kubadilisha fomati huku inacheza na kompyuta yako ni ya zamani, prosesa itagonga asilimia 100 na feni itanguruma. Geuza mafaili mapema kwa programu ya HandBrake, uachane na kazi ya papo kwa papo.

## "Picha ipo, sauti hamna"

Kodi inaweza kupewa ruhusa ya kupeleka sauti ikiwa ghafi kwenye tivii. Mtu aliyekusanidia kiboksi huenda aliiwasha kwa sababu yeye ana spika za gharama. Tivii yako isipoelewa mfumo wa sauti wa DTS, inanyamaza kimya. Ingia mipangilio ya mfumo, sehemu ya sauti, zima upitishaji huo (passthrough), na Kodi itaitafsiri sauti yenyewe. Pili, tazama kama umechagua njia sahihi ya sauti. Diski nyingi zina zaidi ya moja.

## "Picha imejaa vipande vya rangi" au "inakataa, inataja ufunguo"

Hizo ni diski za dukani zilizofungwa kwa siri. Ukiinakili ilivyo, kufuli linakuja nalo ndani ya ISO. VLC inajua kufungua kufuli la DVD. La Blu-ray ni habari nyingine. Kuna pia kanda, yaani maeneo ya dunia ambako diski inaruhusiwa kuchezwa: kwa DVD Uganda iko kanda ya 5, kwa Blu-ray kanda B, na kisoma diski cha kompyuta kinakuruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha kinabaki palepale daima. Ukiulizwa ubadilishe, hesabu kwanza.

Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ipo na inafanya kazi. Mwongozo huu ni wa diski zako, na za familia hazina kufuli lolote. Anayetaka kufungua duka la flashi asinihesabu.

Kama ISO ya Blu-ray haina kufuli lakini menyu haitokei, Kodi inahitaji Java ili kuionyesha. Njia fupi: kwenye mipangilio ya kicheza, sehemu ya diski, chagua icheze filamu kuu moja kwa moja.

## "Mistari kama meno ya kitana kila mtu akicheza dansi"

Kamera za PAL, mfumo wa video uliotumika huku kwetu, zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na witiri kwa zamu. Kwenye skrini ya kisasa nusu hizo zinaonekana kwa pamoja. Kwenye VLC bonyeza D. Kwenye Kodi, wakati filamu inacheza, fungua mipangilio ya video, uwashe uondoaji wa mistari. Faili halina kasoro.

## "Faili langu si ISO: ni BIN, NRG au MDF"

Kulibadilisha jina kuwa .iso hakusaidii, na nimewaona waliojaribu hilo wiki nzima. BIN na CUE ni kawaida kwa VCD, diski za video za kabla ya DVD, na kuna sababu. ISO huchukua baiti 2,048 kwa kila sekta ya diski, lakini sekta za video za VCD hubeba baiti 2,324. Ukilazimisha ISO, video inakatwa vipande. Usilifute faili la CUE ukidhani ni takataka. Ni maandishi mafupi yanayosema BIN iko wapi. Likigoma, lifungue kwa Notepad uone kama jina la BIN lililoandikwa humo ndilo lililo kwenye folda. Mara nyingi mtu alibadilisha moja akasahau jingine.

Kwenye Windows, WinCDEmu inafungua CUE, NRG na MDF kama diski. Ingia folda ya MPEGAV, buruta faili la DAT ndani ya VLC. Usitarajie makubwa: VCD ya PAL ina picha ya 352 kwa 288, na tivii ya inchi 50 itakuonyesha hivyo bila huruma.

## "Diski ya arusi inaonekana tupu, ISO ni ya KB chache"

Geuza diski utazame upande wa chini. Ukiona mduara wa ndani una rangi tofauti na wa nje, kitu kiliandikwa. Aliyerekodi hakuifunga diski mwishoni, hatua ambayo kamera na rekoda za DVD zilidai ifanywe kwa mkono. Bila kufungwa, vifaa vingine havioni chochote.

Usirekodi juu yake, na Windows ikiuliza kama unataka kuiandaa diski, kataa. Mtafute mwenye kamera ile au rekoda ya aina hiyohiyo, aifunge kutoka kwenye menyu yake. Asipopatikana, IsoBuster inaweza kusoma diski zisizofungwa na kutoa video iliyomo. Kama zote zimeshindikana na diski ni ya pekee, simama hapo.

## "Hadidiski inalia tik, tik, tik"

Ichomoe sasa hivi. Usimalizie kwanza filamu.

Mlio huo wa kujirudia ni kichwa cha kusomea kinachotafuta mahali pake bila kupapata, na kila dakika unayoiacha ikizunguka kinaweza kukwaruza sahani zilizobeba data. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Usiiweke kwenye friza, hata kama jirani anaapa ilimsaidia. Usiifungue mezani, chembe moja ya vumbi jekundu la barabarani inatosha. Kitu pekee cha kujaribu mwenyewe ni waya mwingine na USB nyingine, mara moja tu, maana umeme hafifu nao huleta mlio unaofanana. Mlio ukirudi, imekwisha zamu yako.

Kama hailii ila imeanza kuwa nzito, soma afya yake kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, nakili kwanza yale yasiyopatikana tena popote: kwanjula, arusi, mazishi. Filamu za dukani ziache mwisho.

Unapompelekea fundi, mwambie neno moja kabla hajaishika: atoe nakala ya hadidiski nzima kwanza, kazi yoyote ifanyike kwenye nakala hiyo. Akikujibu kwamba ataifomati kisha aone, mshukuru, chukua hadidiski yako, panda boda uende kwa mwingine.